Hofu ya Mtaa na Umri wa Mtuhumiwa: Panya Road na Haki ya Mtoto Dar es Salaam

Panya road ni jina lililopewa makundi ya vijana waliokuwa wakivamia mitaa ya Dar es Salaam kwa wingi wao, mikononi mapanga, nondo na visu, wakipora simu, fedha na bidhaa za madukani. Baadhi yao walikuwa hawajatimiza miaka 18. Jina lenyewe limebeba hukumu, kwa kuwa panya hutegewa sumu, hashtakiwi.

Januari 2, 2015, vijana waliotoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi walizusha fujo, na uvumi ukawatangulia. Maduka yalifungwa na watu wakakimbia hata katika mitaa ambayo hakuna aliyekuwa amemwona kijana hata mmoja mwenye panga. Msako uliofuata uliwazoa vijana kwa mamia. Septemba 2022 hali ilijirudia: mwanafunzi aliuawa katika uvamizi huko Kawe, na siku chache baadaye polisi walitangaza kwamba watuhumiwa 6 wameuawa kwa risasi. Mtuhumiwa akifia msakoni, hakuna tena mahakama ya kuuliza alikuwa na umri gani.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Katika mitaa iliyobanana kama ya Tandale au Manzese, mama lishe hutoka alfajiri na mapema kufuata mahitaji sokoni akipita vichochoro visivyo na taa, fedha za mtaji akiwa amezifunga kwenye pindo la khanga. Aliyeporwa mara mbili, na mara zote mbili kesi ikaishia kaunta ya kituo cha polisi, hana subira ya kusikiliza habari za haki za mtoto. Ikipigwa kelele ya mwizi, anatoka na mchi. Wanaokosea ni wale wanaomwona mtu huyu kuwa katili tu, maana kwake polisi na mahakama viko mbali kuliko jirani.

Kwenye maandishi, sheria ya Tanzania ni ya upole. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na wa kati ya 10 na 12 huwajibika pale tu inapothibitishwa kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa tendo lake ni kosa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inataka kesi yake isikilizwe faraghani katika mahakama ya watoto, ofisa ustawi wa jamii akiwepo, na inakataza asihukumiwe kifungo cha gerezani. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo mkoani Mbeya.

Nchini Marekani hofu iliingia ndani ya sheria yenyewe. Chicago ilifungua mahakama ya watoto mwaka 1899. Lakini mwaka 1978, baada ya kijana wa miaka 15 kuua abiria wawili katika treni za New York, jimbo hilo liliruhusu mtoto wa miaka 13 ashtakiwe kwa mauaji kama mtu mzima. Mwaka 1995 msomi John DiIulio alitabiri kizazi cha vijana wakatili wasio na utu. Majimbo mengi yakakaza sheria katika miaka ileile ambayo uhalifu wa vijana ulikuwa umeanza kushuka. Mwaka 2012, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipopiga marufuku kumfunga mtoto maisha bila uwezekano wa parole kama adhabu ya lazima, DiIulio mwenyewe alikuwa upande wa waliopinga adhabu hiyo.

Dar es Salaam hofu haikuigusa Sheria ya Mtoto. Ilipita pembeni yake. Mlango inaoupitia hofu hiyo ni umri. Kijana aliyezolewa usiku wa manane hana cheti cha kuzaliwa mfukoni. Askari humtazama kimo, sauti na ndevu zinazoanza kuchomoza, kisha kwenye hati ya mashtaka huandikwa 18. Tarakimu hizo mbili hufuta faragha, ofisa ustawi na Irambo kwa pamoja, na kijana huwekwa mahabusu pamoja na watu wazima. Mahakama inatakiwa kuchunguza umri pale panapokuwa na shaka, ila shaka hiyo lazima izushwe na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mzazi. Hufika na kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, au barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, baada ya kuhangaika siku kadhaa kuulizia mwanawe yuko kituo gani. Hakimu akiridhika, kijana huhamishiwa mahabusu ya watoto. Asiye na wa kumfuata hubaki na umri alioandikiwa kaunta.