Si Jini, ni Jeni: Maneno kwa Vijana Kuhusu Mtoto Asiyesikia



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mnaosoma mkiwa nyumbani, leo tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, jicho halikioni, lakini kikiharibika chaweza kuvunja nyumba. Mtoto amezaliwa, hasikii. Majirani wanaanza: "Amepigwa na jini huyu." Mwingine anasema ni kijicho. Wakwe wanamtazama mama kwa upande, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Baba anaambiwa akaoe kwengine.

Sisi Waislamu tunaamini kwamba majini wapo. Lakini si kila jambo tusilolijua tuwatupie wao. Mara nyingi tofauti ni ya herufi moja tu: si jini, ni jeni.

HAMALI ASIYEFUNGA

Sasa sikiza. Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna mizigo ya kubebwa, kuvutwa na kupangwa. Kazi hiyo hufanywa na protini maalum za mwendo. Zichukulie kama mahamali. Njia wanazopita ni nyuzi nyembamba, na nishati yao ni molekuli iitwayo ATP. Hata wewe ukiwa umefunga, wao hawafungi. Mwili huwatolea kwenye akiba yake ya sukari na mafuta.

Ukoo mmoja wa mahamali hawa huitwa mayosini. Binadamu ana takriban jeni 40 za ukoo huu. Unapoinua mikono kwa takbira, ni mayosini za misuli zinazovuta.

Na jeni ni nini? Ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya seli, yanayosema protini fulani itengenezwe vipi. Jeni iitwayo MYO7A iko kwenye kromosomu ya 11. Inaagiza kutengenezwa kwa mayosini ya VIIA, ambayo ni mlolongo wa asidi amino 2,215. Kosa la herufi moja katika maagizo hayo laweza kumfanya hamali huyu awe dhaifu, au asitengenezwe kabisa.

SIKIO NA JICHO

Ndani ya sikio kuna kijumba kilichojikunja mfano wa konokono, chenye seli za kusikia yapata 15,000. Juu ya seli hizo kuna vinyweleo vilivyopangwa kama ngazi. Sauti ikija, vinyweleo huinama na habari hupelekwa kwenye ubongo. Mayosini ya VIIA husaidia kuvipanga na kukaza nyuzi zinazoviunganisha. Ikikosekana, ngazi huvurugika na mtoto huzaliwa kiziwi. Sehemu ya sikio inayotupa mizani nayo ina vinyweleo kama hivyo. Ndiyo maana mtoto huyu huchelewa kukaa na kutembea, mara nyingi mpaka apite miezi 18.

Hamali huyohuyo anafanya kazi kwenye jicho, katika retina, lile pazia la nyuma linalopokea mwanga. Hapo madhara yanakuja polepole. Mtoto mchana anaona vizuri. Halafu, mara nyingi kabla ya kufika miaka 10, anaanza kupapasa gizani. Baadaye upeo wake unabana pembeni kidogo kidogo, mpaka anakuwa kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Ugonjwa huu huitwa Usher, kwa jina la daktari wa macho wa Uingereza, Charles Usher, aliyeeleza mwaka 1914 kwamba unarithiwa. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa, Uingereza na Marekani walionyesha kwamba aina yake ya 1B inatokana na jeni ya MYO7A. Walisaidiwa na panya viziwi wenye tabia ya kuzungukazunguka, ambao jeni yao hiyohiyo ina hitilafu.

Usije ukasema kila kiziwi ana Usher. Uziwi una sababu nyingi: homa ya uti wa mgongo, matatizo ya kuzaliwa, na jeni nyingine nyingi.

NI URITHI WA WAWILI

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu anasikia na anaona kama kawaida, wala hajui. Ugonjwa wa Usher huja pale wazazi wote wawili wanapompa mtoto nakala mbovu. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne. Basi mwanamume anayemlaumu mkewe ajue nusu ya jambo hili ilitoka kwake. Na hakuna katika wawili hao aliyefanya kosa.

Hapa lazima tuguse ndoa za watoto wa ami na wa halati. Mwenyezi Mungu amezihalalisha, na hakuna wa kuziharamisha. Lakini halali si lazima. Binamu wana babu na bibi mmoja, kwa hiyo ni rahisi zaidi wote wawili kubeba kosa lilelile. Utafiti uliofanywa Bradford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2013, uliangalia zaidi ya watoto 11,000. Watoto waliozaliwa na kasoro za kimaumbile za kila aina walikuwa kama 3 katika 100. Kwa waliooana mabinamu, kama 6. Yaani 94 hawakuwa nazo. Basi tusitishane, lakini ikiwa katika ukoo wenu uziwi unajirudia, ulizeni kabla ya posa. Tunauliza kazi, tunauliza mahari, kwa nini tuone haya kuuliza afya? Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kisha ndiyo atawakali.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mtoto mchanga asiyeshtuka kwa sauti apelekwe apimwe masikio mapema. Msingoje.

Pili, mtoto kiziwi aliyechelewa kutembea aangaliwe na mtaalamu wa macho, hata kama mchana anaona sawasawa. Mkijua mapema mna nafasi. Kuna kifaa kinachopandikizwa sikioni, nacho husaidia zaidi katika miaka ya mwanzo. Kuna lugha ya ishara, anayojifunza macho yakiwa bado mazima, na baadaye ataweza kuzisoma ishara hizo kwa kugusa mikono. Bado hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kurekebisha jeni hii. Ni ndefu mno, haienei ndani ya kirusi ambacho wataalamu wamezoea kukitumia kubebea jeni, kwa hiyo wanajaribu kuigawa mara mbili. Anayekuuzia hirizi ya kumponya anakula pesa zako.

Tatu, vijana tujifunze Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeitambua. Khutba ya Ijumaa ikikosa mkalimani, kiziwi anarudi nyumbani kama alivyokuja. Na wazazi wajue kwamba shule za viziwi zipo, na Kabarnet iko ya wasiosikia na wasioona.

Nne, tuweke taa kwenye ngazi za misikiti na mahali pa kutawadhia, hasa usiku huu wa Tarawehe. Kijana anayeshika ukuta akitoka, au asiyejibu salamu ya mkono gizani, usimwite mwenye kiburi. Mshike mkono.

Mnamkumbuka sahaba Abdullah ibn Umm Maktum (R.A.). Alikuwa haoni, na Mtume (S.A.W.) alimwachia Madina zaidi ya mara moja. Katika Ramadhan, Bilal akiadhini usiku watu waliendelea kula; wakisikia adhana ya Ibn Umm Maktum walijizuia. Asiyeona ndiye aliyetangaza alfajiri! Aliwezaje? Watu walimwambia kumekucha. Jamii ilikuwa macho yake, naye akawa sauti yao. Watoto hawa wanahitaji hilo kwetu.

Ewe Mola, wape shifaa wagonjwa wetu, wape subira wazazi wao, na utupe sisi elimu yenye manufaa. Amin.