Gunia Lililoletwa Madhabahuni

Mlio nyumbani, mlio safarini, nanyi wagonjwa mlio vitandani, karibuni tulitafakari Neno la Mungu kwa dakika chache. Kama Biblia i karibu nawe, fungua Injili ya Yohana, mlango wa 4, tangu aya ya 19.

Mwanamke Msamaria alimwuliza Bwana Yesu swali juu ya mahali pa kumwabudia Mungu: ni katika mlima wa baba zake, au ni Yerusalemu? Sisi nasi twaulizana hivyo hivyo. Je, wanaoabudu vema ni wenye kitabu cha sala, au wenye ngoma? Ni wanaopiga magoti, au wanaoinua mikono? Bwana Yesu hakuchagua mlima. Alisema kwamba Baba anawatafuta watu wa kumwabudu katika roho na kweli. Leo nataka tulishike neno hilo la mwisho, kweli.

Ninyi wa pande za Kitale na Bungoma mnaijua sikukuu ya mavuno. Mahindi yamekwisha kuvunwa na kupukuchuliwa, na watu huja kanisani na magunia, ndizi, kuku, mayai na miwa. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa, na fedha huingia katika kazi ya Bwana. Mwaka mmoja nilihubiri sikukuu hiyo katika kanisa la shambani, kati ya Kamukuywa na Kiminini. Mzee mmoja alileta magunia matano. Nilimsimamisha mbele ya watu, wakapiga makofi, nikamwombea baraka. Nakiri kwamba saa ile macho yangu yalikuwa juu darini, kwa maana mabati yalikuwa hayajatosha.

Tulipotoka nje, mama mmoja mjane alinivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mchungaji, katika magunia yale uliyoyabariki mna siku zangu nane. Nimemvunia siku nane, sijalipwa. Nyumbani tunakula unga wa kukopa."

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilimkumbuka nabii Amosi. Watu wa siku zake walishika sabato, lakini mioyoni walingoja ipite upesi wapate kuuza nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Basi Mungu akawaambia kwamba hata nyimbo zao hataki kuzisikia. Gorogoro iliyobonyezwa chini sokoni ni kipimo kile kile cha siku za Amosi.

Neno letu "ibada" limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni moja na la neno lenye maana ya mtumwa. Mwenye kuabudu ni mtu aliye mali ya Bwana wake siku zote saba, si Jumapili tu. Ndiyo maana katika Mathayo 5:23-24 Bwana Yesu anamwagiza mtu aliye na sadaka mkononi aiache pale pale, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Hata Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinamwagiza kasisi amzuie katika Meza ya Bwana mtu aliyemdhulumu jirani yake waziwazi, mpaka atubu na kulipa, au akusudie kwa kweli kulipa. Nao ndugu wa Uamsho, ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika kwetu Kenya, walijulikana kwa nyimbo zao, lakini walijulikana pia kwa kurudisha vitu walivyoiba.

Kesho yake nilimwendea yule mzee. Alikasirika, akaniuliza ni nani aliyenifanya karani wa vibarua wake. Majuma kadhaa hakuonekana kanisani. Kisha jioni moja alifika nyumbani kwa yule mama, akamlipa siku zake zote nane, akamwomba msamaha. Mimi nami nilimwomba mama huyo msamaha, kwa kuwa nilikuwa nimeyasifu magunia bila kuuliza. Jumapili iliyofuata mzee alikuja kanisani mikono mitupu, akapiga magoti. Hakuna aliyepiga makofi. Naamini siku ile aliabudu katika kweli.

Msikilizaji mpendwa, Jumapili hii utakapojiandaa kwenda kanisani, jiulize: Je, yuko mtu ambaye jasho lake liko ndani ya sadaka yangu? Kama yuko, pita kwake kwanza. Bwana atakungoja.

Tuombe. Ee Baba, wewe waijua mioyo yetu na vipimo vyetu. Tusamehe tulipokuimbia huku tukimnyima jirani haki yake. Tupe ujasiri wa kurudisha, utupokee tena mezani pako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.