Habari za Kamongo na Makao Yake



Tumetakiwa jioni hii tuseme juu ya kiumbe mmojawapo wa nchi zetu. Tumemchagua kamongo, kwa kuwa wengi wetu twamwona sokoni, lakini mwenendo wake wajulikana zaidi kwa wavuvi kuliko maofisini, hali mambo mengi yampasayo huamuliwa maofisini.

Kamongo hupatikana katika Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika na maji mengine ya Afrika ya Mashariki. Wataalamu humwita Protopterus aethiopicus. Waganda humwita mamba. Ukoo wao mmoja mkubwa wajiita kwa jina hilo, na watu wake hawamli. Mwili wake ni mrefu, mapezi yake membamba kama kamba, naye aweza kufika urefu wa mita 2.

Ajabu yake ya kwanza ni pumzi. Anayo matamvua kama samaki wengine, lakini ni madogo, hayamtoshi. Basi ana mapafu, na hana budi kuja juu kuvuta hewa. Akizuiwa, samaki huyu hufa maji. Kwa hiyo aweza kukaa katika vinamasi vya mafunjo, penye maji mazito yasiyo na hewa, ambapo samaki wengi hawawezi kuishi. Maji yakikauka aweza kujichimbia matopeni na kungojea mvua. Homer Smith, mtaalamu wa Marekani aliyewachunguza samaki hawa na kutoa kitabu kiitwacho Kamongo mwaka 1932, alionyesha kwamba katika usingizi huo samaki hupunguza sana matumizi ya pumzi, na huishi kwa kula nyama ya mwili wake mwenyewe.

Ajabu ya pili ni malezi. Wakati wa kuzaa, kamongo hufanya kiota katika majani ya kinamasi. Jike akiisha kutaga, dume ndiye abakiye kulinda mayai na watoto. Watoto huwa na matamvua ya nje, yaliyo kama manyoya, mpaka mapafu yao yapate nguvu.

Tena, chakula chake kikubwa ni konokono, ambao huwaponda kwa meno yake magumu. Baadhi ya konokono wa majini ndio wachukuao vijidudu vya kichocho. Hatusemi kwamba kamongo peke yake ataondoa ugonjwa huo. Twasema tu kwamba amwondoaye kamongo amempunguzia konokono adui.

Sasa tufikie neno lililotuleta. Katika Ziwa Viktoria kamongo wamepungua sana tangu miaka ya 1970. Watu wengi humlaumu sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Lakini wachunguzi wameonyesha sababu mbili nyingine zilizo karibu na mikono yetu: uvuvi uliozidi, na kulimwa kwa vinamasi. Dume alindaye kiota akinaswa, si samaki mmoja aliyepotea, bali na watoto wasio na mlinzi. Na kinamasi kikikaushwa, hata mahali pa kiota hapapo tena. Huko Kenya, sehemu ya kinamasi cha Yala ilikaushwa kwa kilimo katika miaka ya 1960.

Mtu mwenye njaa akilima kinamasi hatumlaumu. Watoto wake wataka chakula. Lakini sisi tushikao kalamu tuna sehemu yetu. Mara nyingi kinamasi huingia katika jalada kwa jina la ardhi isiyo na kazi. Jina hilo si kweli. Kinamasi ni nyumba ya kulelea samaki, na chujio la maji yaingiayo ziwani. Basi, ombi la kukausha kinamasi likipita mezani petu, yatupasa kuuliza kabla ya kulipeleka mbele: je, wavuvi wa mahali hapo wameulizwa? Je, mafunjo ya ukingoni yataachwa? Maswali haya hayazidi mistari miwili ya barua, nayo yamo katika kazi yetu.

Kamongo amejua kungojea mvua ndani ya matope. Lakini hana namna ya kungojea kinamasi kisichorudi.