Mzee Naye Ni Mwanafunzi

Maneno yaliyotolewa na makatekista siku ya Yubile ya parokia, mbele ya wakristu na mapadri wageni



Padri mkubwa wa parokia ametuomba sisi makatekista tuseme neno juu ya kazi zetu. Tungeweza kuhesabu ubatizo, ndoa na komunyo ya kwanza, lakini hesabu hizo zimekwisha kuandikwa katika vitabu vya parokia, na kila mtu anaweza kuziona. Tumechagua kusema juu ya kazi moja ndogo, isiyopigiwa ngoma. Ndiyo kalasi ya wazee, ile inayokutana kila siku ya tatu, saa nane mchana, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa.

Kalasi hii haikuanza kwa mpango wala kwa barua ya mkubwa. Ilianza kwa karatasi moja. Mama mjane wa shirika letu alitujia baada ya Misa, akafungua kitambaa alichokuwa amekifunga mara tatu, akatoa karatasi ya pansio ya marehemu mume wake. Akasema: «Mwalimu, unisomee. Kila mara ninapokwenda, wananiambia nirudi mwezi ujao.» Tukaisoma. Karatasi ilisema kwamba feza ya miezi sita imekwisha kupokelewa, na chini yake kulikuwa alama ya kidole. Kidole kilikuwa chake. Siku ile alipokitia, aliambiwa kwamba ni kwa ajili ya kuingiza jina lake katika orodha.

Tulimwuliza kama anataka tumsindikize kwenda kushitaki. Akanyamaza kitambo, kisha akajibu: «Feza imekwisha kuliwa. Lakini kidole hiki kimelima, kimepika, kimewafunga watoto mgongoni. Leo kimesema uwongo juu yangu, na mimi sikujua. Mnifundishe kuandika jina langu mbele ya kufa.»

Wandugu, sisi tuliopita katika seminari ndogo, tuliofundishwa Kilatini na Kifaransa, tuliona haya. Wazee hawa ndio waliouza mbuzi na mihogo ili sisi tupate viatu na kaye za seminari. Walilipa masomo yetu, na sisi hatukuwa tumewarudishia hata alfabeti. Siku ya tatu iliyofuata tulifungua chumba. Walikuja wamama wanne na baba mmoja. Baba yule alikaa karibu na mlango, ili apate kutoka upesi kama watu wangecheka.

Lazima tuseme pia juu ya wababa. Katika Katanga yetu wengi wao walitumika katika migodi, viwanda na reli. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1967 kazi yake ilichukuliwa na kampuni ya serikali, ile iliyoitwa baadaye Gécamines. Kwa miaka mingi kampuni haikutoa mshahara peke yake: ilitoa nyumba, unga, hospitali na masomo ya watoto. Wamama katika kambi walikuwa na nyumba za masomo zilizoitwa foyers sociaux, walipofundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Kisha nyakati zikabadilika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliingia katika mpango wa kuacha kazi, uliosaidiwa kwa feza na Benki ya Dunia. Wengine walipumzishwa kwa umri, wengine kwa ugonjwa.

Lakini mtu aliyeamshwa na sirene kwa miaka 30 haachi kuamka kwa sababu sirene imenyamaza. Tunamjua baba mmoja aliyeendelea kuoga saa kumi na moja alfajiri, kuvaa shati la kazi, na kukaa kando ya njia mpaka jua linapokuwa kali. Alipoulizwa anangoja nani, alisema: «Ninangoja siku iishe.» Mzee anayengoja siku iishe amekwisha kuanza kufa, hata kama mwili wake una nguvu.

Wengine walituambia: samaki hukunjwa angali mbichi, mnapoteza chaki bure. Mezali hiyo ni nzuri kwa kulea watoto, na hatuikatai. Lakini mzee si samaki aliyekauka. Tufungue Maandiko Matakatifu. Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipoambiwa aiache nchi ya baba yake akajifunze njia mpya. Musa alikuwa na 80 aliposimama mbele ya Farao. Ana, yule nabii mke aliyempokea mtoto Yezu hekaluni, alikuwa mjane wa miaka 84, na alimtambua Yule ambaye wenye elimu walipita mbele yake wasimwone. Naye Nikodemo, mwalimu wa Israeli, alikwenda usiku kwa Bwana kuuliza swali kama mwanafunzi. Bwana hakumfukuza kwa sababu ya umri wake.

Hata wapagani wa Roma walilijua jambo hili. Cicero, katika kitabu chake juu ya uzee alichokiandika mwaka 44 mbele ya Kristu, anamtaja Cato mzee, aliyejifunza Kigiriki akiwa na mvi. Na karibu na sisi, katika Kenya, baba Kimani Maruge aliingia kalasi ya kwanza ya shule ya watoto katika upande wa Eldoret mwaka 2004, akisema ana miaka 84. Serikali ya kwao ilikuwa imeondoa malipo ya shule za msingi mwaka 2003. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu feza yake. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kusema mbele ya wakubwa wa mataifa juu ya masomo ya bure. Mwaka 2009 alibatizwa katika Kanisa katoliki kwa jina la Stefano, akafa mwaka ule ule. Tulipomsimulia habari hiyo mama wa karatasi ya pansio, alisema: «Basi mimi bado kijana.»

Katika nchi nyingine kazi ya namna hii ina majengo makubwa. Mwaka 1973, katika mji wa Toulouse huko Ufaransa, profesa Pierre Vellas alifungua chuo kwa watu waliopumzika kazi, kilichoitwa chuo cha umri wa tatu. Umri wa kwanza ni wa kulelewa, wa pili ni wa kutumika, wa tatu ni wa kupumzika pasipo kulala. Uingereza iliifuata njia hiyo katika mwaka 1981 na 1982, kuanzia mji wa Cambridge, lakini kwa namna nyingine: huko wazee wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Anayejua bustani anafundisha bustani, anayejua nyimbo anafundisha nyimbo, na kesho yake anakaa kwenye benchi kumsikiliza yule aliyemfundisha jana. Namna hii ya pili inatufaa sisi maskini, kwa sababu haidai mshahara wa profesa.

Mama Kanisa naye hakunyamaza. Mwaka 1998 Baraza la Kipapa kwa ajili ya Walei lilitoa maandiko juu ya heshima ya wazee na utume wao. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili, naye akiwa mzee, aliwaandikia wazee barua. Na tangu mwaka 2021, kwa agizo la Papa Fransisko, Kanisa lote linafanya siku ya wababu na wazee katika yenga ya ine ya mwezi wa saba. Basi kalasi yetu si mchezo wa kupitisha mchana. Imo katika kazi ya Kanisa.

Sasa tukubali makosa yetu, kwa maana Yubile ni wakati wa kuungama. Mwanzoni tulifundisha vibaya. Tulichukua buku la watoto lenye picha za mpira na paka, tukawaimbisha wazee a-e-i-o-u kama watoto wa miaka sita. Siku moja tulimsahihisha baba mmoja kwa sauti kubwa, na mjukuu wake alikuwa dirishani akisikia. Baba yule hakurudi. Tulikwenda nyumbani kwake mara ya kwanza, akasema ana homa. Mara ya pili akasema ana safari. Mara ya tatu tulikaa chini, tukaomba radhi mbele ya mjukuu yule yule. Hapo alisimama, akatafuta kaye yake chini ya godoro. Tukajua kwamba hakuiacha siku zote hizo.

Tangu siku ile tumebadili namna. Tunaanza na maneno yao wenyewe: jina lake, jina la mume au la mke, jina la shirika, neno «pansio», neno «nimepokea», neno «sijapokea». Herufi tunaziandika kubwa. Dirisha tunaliacha wazi ili mwangaza uingie, na asiyesikia vizuri anakaa mbele. Hatusomi zaidi ya saa moja pasipo kupumzika. Waalimu wetu wa Kilatini walitufundisha kwamba kurudilia ndiko mama wa masomo. Kwa mzee neno hilo ni kweli mara mbili. Yeye huchelewa kushika jambo jipya, lakini akishalifunga pamoja na mambo aliyoyaishi, haliachi. Na tulivumbua ya kwamba wengine tuliodhani ni wazito wa akili walikosa lunete tu. Macho ya karibu huanza kudhoofika tangu miaka 40, na sisi waalimu wenyewe tumekwisha kuyaona hayo.

Baada ya kusoma na kuhesabu, yanakuja masomo ya mikono na ya furaha. Wamama wawili wanafundisha kushona. Baba mmoja anafundisha kusuka vikapu, mwingine bustani ya mboga. Siku nyingine tunajifunza simu: namna ya kuandika salamu kwa mtoto aliye Kolwezi, na namna ya kumtambua mwongo anayeomba namba ya siri ya feza. Tena vijana wameanza kuja kwa wazee: yule baba aliyeoga alfajiri alikuwa ajustere, na sasa anawafundisha vijana watano namna ya kupima na kukata chuma. Haketi tena kando ya njia.

Kuna neno moja zito, nalo hatuwezi kulipita siku ya Yubile. Katika mitaa yetu mzee anayesahau, anayesema peke yake, anayepotea njia ya nyumbani, mara nyingine huitwa mchawi. Wakristu waliobatizwa hapa wamelisema neno hilo, na wazee wamefukuzwa katika nyumba walizozijenga. Wandugu, kusahau kwa namna hiyo mara nyingi ni ugonjwa. Mwaka 2024 wenye elimu waliokusanywa na gazeti la udaktari The Lancet walitaja mambo 14 yanayozidisha hatari ya kupoteza akili katika uzee, ambayo watu wanaweza kuyapunguza. Kati yao ni masomo machache katika utoto, kutosikia, kutoona vizuri, na kukaa peke yako pasipo watu. Kalasi yetu si hospitali, wala hatuahidi kuponya. Lakini mzee anayeketi na wenzake kila siku ya tatu hayuko peke yake. Na mtoto anayemwona babu yake akiandika hatakubali upesi kumwita mchawi.

Ndiyo sababu tunaleta ombi mbele yenu. Tunajua kwamba komite inafikiri kukodisha kile chumba siku zote za kazi, kwa kutafuta feza ya kutengeneza paa la kanisa. Paa linavuja, sisi pia tunalowa. Hatubishani na komite, na hatudharau shida ya parokia. Tunaomba siku moja tu, mangaribi mbili za saa moja moja tukizikusanya, yaani saa nane mpaka saa kumi ya siku ya tatu. Tunaomba benchi tatu zenye kuegemea mgongo. Na kila shirika litafute lunete za zamani zilizolala katika masanduku, zipimwe na muuguzi, zipewe wanaozihitaji. Paa la kanisa linawafunika wakristu wakati wa Misa. Masomo haya yanawafunika wazee siku nyingine zote, wanapokwenda biro peke yao.

Mtauliza: mama yule wa karatasi amefika wapi? Ilimchukua miezi minane kuandika jina lake lote. Feza ya miezi sita haikurudi. Lakini alipokwenda tena biro, walimsogezea wino wa kidole kama desturi. Aliusukuma kando kwa upole, akaomba kalamu, akasoma karatasi neno kwa neno mpaka mwisho, huku watu wa mstari wakilalamika nyuma yake. Mahali palipoandikwa miezi mitatu, yeye alikuwa amepewa miwili. Akasema: «Nitatia jina langu mtakapoandika miwili.» Wakaandika miwili.

Juzi, katika ubatizo wa watoto, alikuwa mama wa ubatizo. Kwa miaka mingi katika kitabu chetu tuliandika sisi jina la mama wa ubatizo asiyejua kusoma, naye akatia alama ya msalaba. Safari hii tulimpa kitabu. Herufi zake zilipanda na kushuka kama njia ya mlimani, na padri alingoja pasipo kutazama saa. Mapadri wageni, kitabu kiko sakristia, mkitaka, mtaonyeshwa.

Mungu, aliyewaangalia Simeoni na Ana katika uzee wao, awabariki wazee wa parokia hii, waliokufa na walio hai.

Tumsifu Yezu Kristu.