Maji ya Gome Yakolezwe Hadi Wapi? Hoja Kutokana na Kwinini

Tangu Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini mjini Paris mwaka 1820, msingi wa kuitoa kwenye gome la msinkona haujabadilika. Alkaloidi zake ni besi: katika maji yenye tindikali hugeuka chumvi na kuyeyuka humo, tindikali ikiondolewa nguvu kwa chokaa au magadi, huyakimbia maji na kuhamia kwenye kiyeyushi kama tolueni. Viwanda vikubwa huchanganya unga wa gome na chokaa na kuutia kiyeyushi moja kwa moja. Anayeanza na tindikali hubaki na maji mengi yenye kwinini kidogo, na hapo huingia kishawishi cha kuyachemsha hadi yawe mazito kama asali. Hoja yangu ni kwamba huko ni kupita kiasi. Robo ya ujazo wa mwanzo yatosha, na dalili za maji yenyewe zikitutaka tusimame mapema zaidi, tusimame.

Tuanze na hesabu. Tuseme ukolezi wa alkaloidi kwenye kiyeyushi huwa mara 5 ya ule wa kwenye maji, nasi tuna lita 1 ya maji na mililita 200 za kiyeyushi. Tukivitikisa pamoja, nusu tu ya alkaloidi itahama. Maji yakipunguzwa hadi mililita 250, itahama asilimia 80. Yakifika 100, asilimia 91. Yakifika 50, asilimia 95. Faida kubwa yote imo katika robo tatu za kwanza tulizozivukiza, kisha inasinyaa. Na sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita: kwenye zile mililita 250, kiyeyushi kilekile kikigawanywa mafungu mawili ya mililita 100, kitatoa asilimia 89. Kugawa kiyeyushi hakuli kuni wala umeme, na kumetupa karibu kila tulichokuwa tukikitafuta motoni.

Moto, kwa upande wake, una gharama isiyoonekana kwenye hesabu hiyo. Tindikali ya sulfuriki haivukizwi pamoja na maji. Maji yenye pH 2 yakikolezwa mara kumi hukaribia pH 1, na yote hayo yakiwa yanachemka. Pasteur alionyesha mwaka 1853 kwamba joto na tindikali huigeuza kwinini kuwa kitu kingine, kwinotoksini. Tanini za gome nazo huungana na kuwa tope jekundu linaloshika alkaloidi na kuzama nazo. Sukari na gundi za mmea, ambazo katika maji mepesi hazina madhara, zikikolea hufanya tabaka mbili zigande katikati kama maziwa, zisiachane hata kwa siku nzima.

Wapo watakaosema kwamba pampu ya kupunguza mgandamizo inamaliza tatizo. Ni kweli kwamba kwa sehemu ya kumi ya mgandamizo wa hewa maji huchemka karibu nyuzi 46 tu, na mwenye pampu aitumie. Lakini pampu huokoa kwinini na joto, haiiokoi na tanini wala gundi. Wengine watasema tope hilo ni usafishaji wa bure, kwa kuwa linaondoa uchafu kabla ya kiyeyushi. Hoja hii ina uzito, nami naikubali kwa sharti: tope lichujwe, lioshwe kwa maji mapya yenye tindikali, na maji ya kuoshea yarudishwe kwenye chungu. Bila hivyo, tunachokiita uchafu kinaondoka na dawa. Kuna pia wanaohofia gharama na hatari ya kiyeyushi, kwa kuwa tolueni hushika moto haraka. Hofu hiyo ni ya haki, ila mafungu mawili niliyoyataja hayaongezi hata tone.

Kwa hiyo napendekeza tusimame kwenye robo, au pale ukungu wa kwanza unapotokea maji yakipozwa, lolote litakalotangulia. Na tope la kwenye chujio lipimwe kwinini kabla ya kumwagwa.