Mzee Ojwang' na Macho Yake

Leo nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye wengi wenu mlimpenda, ingawa hakuwa mhubiri wala mkubwa wa serikali. Ni yule tuliyemwita Mzee Ojwang' Hatari.

Jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau Karira. Hapo watu wengi hushangaa. Kwa miaka mingi aliongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo hata Wajaluo wenyewe wakamhesabu kuwa mtu wao, kumbe ni Mkikuyu! Alianza kuigiza wakati shirika letu la utangazaji lilipokuwa likiitwa Sauti ya Kenya, na aliendelea baada ya shirika hilo kuwa KBC mwaka 1989. Mlimwona katika Vioja Mahakamani, na zaidi katika Vitimbi, ambamo mke wake wa mchezo alikuwa Mama Kayai, yaani Bi. Mary Khavere. Ni wengi waliodhani kwamba hao wawili ni mume na mke hata nyumbani.

Vijana wa leo wana stesheni nyingi, na simu mkononi, kwa hiyo ni vigumu kuwaeleza mambo yalivyokuwa. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, televisheni nchini ilikuwa moja tu. Hapa kwetu Kianjokoma nyumba yenye televisheni ilijulikana kijiji kizima. Iliwashwa kwa betri ya gari, na betri ilibebwa mpaka sokoni kuchajiwa. Watoto waliotoka kuchuma majani chai waliketi sakafuni, wazee wakapewa viti, na betri ikianza kuchoka picha ilijikunja pembeni mpaka Mzee Ojwang' akawa mwembamba kama fimbo. Hata hivyo tulicheka! Na jioni ile ile mtu wa Kisumu alikuwa akicheka, na wa Mombasa, na wa Kitale, kwa neno lile lile.

Wako Wakristo waliosema michezo hiyo ilifundisha watu kudharau makabila, kwa kuwa kila mchezaji alikuja na lafudhi ya kwao. Nimelifikiri jambo hilo. Hakika iko kicheko cha dharau, nasi tuliona mwanzoni mwa mwaka 2008 dharau ilikotufikisha. Lakini Mzee Ojwang' hakujiweka juu ya mtu anayemwigiza. Aliyeaibika mwishoni mwa mchezo mara nyingi ni yeye mwenyewe, akikemewa na Mama Kayai mbele ya watu. Sisi Waembu, ambao r na l hutusumbua mpaka leo, tulijifunza kwake kwamba mtu anaweza kuchekwa matamshi yake na bado akapendwa. Sioni dhambi hapo.

Basi mtu huyo akazeeka. Wasanii wa wakati ule wamesema wenyewe, tena mara nyingi, kwamba malipo yao yalikuwa madogo. Uso wake ulijulikana kuliko wa mawaziri, lakini kujulikana hakununui unga. Kisha macho yakaanza kumharibikia. Miaka michache kabla ya kufa kwake, hali yake ilipojulikana hadharani, Wakenya wakachanga fedha ili atibiwe macho. Jambo hilo lilikuwa jema, nami nawasifu waliotoa. Lakini ndugu zangu, kwa nini ilihitajika kwanza habari itangazwe? Mtu huyu hakuwa amejificha. Aliishi mjini Nairobi, akapita katika njia zile zile wanazopita watu.

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78, akazikwa katika makaburi ya Lang'ata. Hapo ndipo rambirambi zilipoanza kumiminika, kutoka kwa wakubwa na wadogo, kila mmoja na sifa zake.

Katika 2 Samweli sura ya 19 kuna habari za mzee mmoja, Barzilai Mgileadi, mwenye miaka 80. Mfalme Daudi alipokuwa mkimbizi huko Mahanaimu, mzee huyu ndiye aliyemlisha. Vita vilipokwisha, Daudi alimwalika aende naye Yerusalemu akatunzwe huko. Barzilai alikataa kwa adabu. Alisema ulimi wake hauonji tena ladha ya chakula wala masikio yake hayafaidi tena waimbaji, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Angalieni kwamba Daudi alitaka kulipa wema huo mapema, mzee akiwa angali hai, amesimama mbele yake kando ya mto Yordani. Tena alipokuwa karibu kufa hakusahau. Katika 1 Wafalme sura ya 2 anamwagiza Sulemani awaweke wana wa Barzilai mezani pake.

Sisi tunafanyaje? Mtu akifa hapa Kianjokoma, jioni hiyo hiyo kamati imekaa. Iko daftari, yuko mweka hazina, magari yamepatikana, na jeneza zuri limeagizwa. Katika muda wa siku 4 fedha zimefika, hata wakati ambapo bonasi ya chai haijalipwa. Nami nimeketi katika kamati hizo nikijua kwamba marehemu alikaa miaka 2 bila kuona vizuri, kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao daktari huuondoa kwa upasuaji mfupi, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Upasuaji huo haugharimu kiasi cha jeneza na magari.

Yupo mzee katika parishi yetu aliyefundisha kwaya tangu wengi wetu tukiwa watoto. Jina lake silitaji, maana hapendi kutajwa. Siku hizi hushika kitabu cha nyimbo kwa kuwa mikono imezoea, lakini maneno hayaoni. Anaimba kwa moyo. Watu husema, mzee huyu ana kumbukumbu ya ajabu. Hakuna aliyemwuliza kama anaona.

Jumatano hii, baada ya maziwa ya jioni kupelekwa, Umoja wa Akina Mama na chama cha wanaume watakutana ofisini kwa kanisa. Daftari litakuwepo, na mweka hazina. Mwenye gari linaloweza kumfikisha mzee huyu hospitalini Embu mapema asubuhi, na kumngoja mpaka jioni, tafadhali afike na yeye.