Mazoezi ya Kumbukumbu kwa Wazee Wetu
Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Kata ya Murungu

 

Zipo sasa programu za simu na kompyuta za kuwazoeza kumbukumbu wazee waanzao kusahau. Programu humwuliza mzee maswali, hupima majibu yake, kisha huongeza au hupunguza ugumu kulingana na uwezo wake. Wazo hilo ni jema: kila mzee apate zoezi linalomfaa. Hata hivyo, faida yake isitiwe chumvi. Mara nyingi mtu huwa hodari katika zoezi lile lile alilolirudia, si katika mambo yote ya maisha. Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya kushtakiwa kwa kutangaza, bila ushahidi wa kutosha, kwamba michezo yake huzuia upotevu wa kumbukumbu. Basi asiuze mtu mbuzi ili kununua ahadi.

Tunao mfano wa nyumbani. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walikuta kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, 6 hivi wana ugonjwa wa kusahau. Baadaye wagonjwa 34 waliwekwa katika vikundi, wakahudhuria vikao 14 kwa wiki 7. Waliimba, walicheza, walizungumza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa uwezo wao wa akili uliongezeka, na hali ya maisha yao ikawa bora. Kompyuta haikuhitajika.

Hayo twayaweza. Aliyelima maharage aulizwe habari za mbegu na misimu. Mpenzi wa bao atafutiwe mwenzake. Ajuaye vitendawili vya Kiha awategee wajukuu.

Lakini kwanza mzee apelekwe kituo cha afya, kwani kusahau huweza kuletwa na maradhi yanayotibika, kama vile maambukizi, matatizo ya tezi la shingo au sonona. Sera ya nchi yetu inaelekeza kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo.

Kusahau si uchawi wala laana. Mzee anayeuliza jambo lile lile mara ya tano ajibiwe kwa upole ule ule wa mara ya kwanza.